Mwandiko wa Mtu Mwingine

Kambini, 4 Agosti

Mke wangu mpenzi,

Nimefika salama. Hema limesimama, na mimi pia bado nimesimama. Mkwe wetu aliniapia kwamba hema lake ukilirusha tu hewani linafunguka lenyewe. Mwambie nililirusha, likaangukia kichakani, na kichaka kikalipenda. Ilibidi walinzi wa hifadhi waje kutuamulia.

Ungeuona msitu huu! Misonobari imepanda juu mpaka shingo inauma kuitazama, na chini yamejaa majani yake makavu, membamba kama sindano, ukikanyaga unadhani unatembea juu ya godoro. Kimya cha huku si kama kile cha kwetu umeme unapokatika, kila mtu akatoka nje kuuliza kama na kwa jirani umekatika. Huku ni kimya chenye shughuli zake. Kigogota anagonga, kijito kinapita nyuma ya hema langu kikijisemea, kindi wanakimbizana juu kama watu wenye deni. Mahema mengine ni machache, na wenyewe wanaongea kwa sauti ya chini, kama wamekuja kumtembelea mgonjwa.

Simu hazishiki kabisa bondeni. Gari la hifadhi ndilo linaloleta mkate na kubeba barua, kwa hiyo itabidi tuandikiane kama wachumba.

Nilikuaga kwamba nakuja kuipumzisha pua na harufu ya rangi, na kwamba nitakaa wiki moja. Naona wiki haitatosha. Usinitengee chakula. Funga mlango wa nyuma, lile komeo ulisukume mpaka mwisho.

Wako,
Fundi

*

Nyumbani, 8 Agosti

Fundi,

Barua yako nimeipata. Mara ya kwanza nilisoma nikacheka peke yangu jikoni. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu nilitazama mwandiko.

Mimi ni mke wa mchora mabango. Nikitoka hapa kwenda zahanati, nakukuta wewe njia nzima: juu ya duka la dawa, ukutani kwa kinyozi, mlangoni kwa fundi viatu. Naijua M yako, imesimama wima kama askari anayekaguliwa. Naijua R yako, mguu mmoja mbele, kama inataka kuondoka. Sasa hii barua imeandikwa kwa herufi nene za mviringo, zimejilaza ubavu kama paka walioshiba. Na nukta za juu ya i ni vijiduara. Vijiduara, Fundi! Mtu mzima wa umri wako haanzi vijiduara msituni.

Ni nani huyo?

Siulizi kwa ugomvi. Nauliza kwa ile sauti yangu ya kawaida kabisa, unayoijua.

Huku hatujambo. Juzi tumepokea pacha zahanati, wa kwanza alitoka analia, wa pili akatoka anatutazama tu, kama amekuja kukagua. Binti yetu anapiga simu kila jioni. "Mama, mmegombana?" Namwambia baba yako yuko likizo. "Baba hajawahi kwenda likizo." Namwambia ndiyo ameanza. Ananiuliza tena kama tumegombana. Sasa na mimi nimeanza kujiuliza.

Mwenye duka la dawa alipita kukuulizia. Alitaka kusema kitu kuhusu bango lake jipya, akanitazama usoni, akabadilisha maneno. "Msalimie tu," akasema, akaondoka.

Nimekusalimia.

Mkeo (bado),
Mkunga

*

Kambini, 11 Agosti

Mke wangu,

Usinitolee macho. Anayeandika ni mlinzi wa msitu wa hapa kambini, msichana wa rika la binti yetu, mwenye buti kubwa kuliko zangu na filimbi shingoni. Nilijikata kidole gumba nikifungua kopo la maharage, kalamu haishikiki, na yeye akajitolea. Anasema nikuambie kwamba vijiduara ni vyake tangu shule ya msingi na haviachi kwa ajili ya mtu yeyote. Nimemwambia asiandike hilo. Ameandika. Nimemwambia alifute. Anasema kalamu ya wino haifutiki.

Basi hujaibiwa. Ni nani wa kuniiba mimi, kwa lipi?

Huku nimezoea. Asubuhi nakwenda mpaka bwawani, kuna ukungu unakaa juu ya maji kama mvuke wa sufuria, halafu jua likitokea unaondoka bila kuaga. Naota moto, nakaanga viazi, nasikiliza. Mkuu wa hifadhi amenitajia kitu. Pale getini kuna kibanda, na mvua zikianza anahitaji mtu mzima wa kukaa hapo, kufungua na kufunga, kuwaelekeza wageni wachache. Kazi ya kukaa tu. Ninaifikiria.

Na wewe utapumzika. Nyumbani siku hizi naona nakuchosha. Hata chai unanimiminia nusu kikombe, kama mgeni anayetakiwa awahi kuondoka. Silalamiki. Nasema tu kwamba nimeona.

(Hapa mzee ameinuka akaenda kutazama kijito, ndipo akarudi. Mimi ndiye niliyeandika hili, si yeye. Mwandishi.)

Mwambie binti yetu hatujagombana.

Wako,
Fundi

*

Kambini, 12 Agosti

Mama, shikamoo.

Mimi ndiye mwenye vijiduara. Nisamehe kwa kujiingiza katika ya wakubwa. Nimejizuia tangu barua ya kwanza, na jana baada ya kuandika ya pili sikulala vizuri.

Kidole cha Mzee hakina hata mkwaruzo. Alikuja ofisini akaniomba plasta, nikafungua sanduku la huduma ya kwanza nikampa, akajifunga mwenyewe palipo pazima. Nadhani alitaka mkono wake uwe na sababu.

Mama, mikono yake inatetemeka, na wa kulia umezidi. Siku alipofika alikaa juu ya gogo na karatasi gotini, akaandika, akachana, akaandika, akachana. Mimi nilikuwa naokota kuni karibu. Mwisho akaniita, "Binti, wewe unajua kuandika?" kama mtu anayetania. Asubuhi namfunga kamba za buti, nikijifanya namkagua kupe. Anajua najifanya. Na yeye anajifanya hajui.

Amenieleza mambo kidogo kidogo. Anasema lile bango la duka la dawa lilianza kumsumbua, lakini lilipita. Kilichomvunja ni la shule. Alikuwa juu ya ngazi, wanafunzi wamejaa chini wanasoma kwa sauti kila herufi anayoimaliza. Akafika kwenye S. Ikamtoka imepinda kama mnyoo, akairudia, ikazidi. Watoto wakaacha kusoma. Anasema hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Kesho yake alikwenda kukiwa bado hakujapambazuka, akapaka rangi nyeupe juu ya bango zima, akamwambia mwalimu mkuu kwamba amestaafu. Halafu akaja nyumbani akakuambia anataka kupumzisha pua.

Nilimuuliza, "Kwa nini usimwambie Mama? Si mtu wa hospitali?" Akanijibu, "Ndiyo maana. Amewashika watu maisha yake yote, mchana na usiku. Anakaribia kustaafu apumzike. Sitaki nimalizie kwa kumpa mtu mwingine wa kushika, tena asiyepona."

Na ile kazi ya getini, Mama, si kwamba anaifikiria. Ameshamkubalia mkuu. Anaanza mwezi ujao. Hakujua akuambieje, ndiyo maana akaniambia niandike vile. Anaamini ataishi huko, awe anakutumia barua nzuri nzuri, na wewe hutaona chochote. Anasema utakuwa umeanza kumchoka hata hivyo. Habari ya chai ile inamuuma kuliko anavyoonyesha.

Mimi ni mlinzi wa miti. Sijui ya ndoa. Lakini nimeona ni vibaya nikinyamaza.

Mwanao,
Mlinzi wa Msitu

*

Nyumbani, 16 Agosti

Fundi wangu,

Kidole kinaendeleaje? Usijibu. Usije ukanidanganya mara ya pili bure.

Hakuna aliyeniambia kitu, kwa hiyo usimkasirikie mtu. Nimejua muda mrefu kabla hujakutana na msitu wowote. Nilianza kwa kusikia. Ulikuwa unakoroga chai, na kijiko kinagongagonga kwenye kikombe hata baada ya sukari kuyeyuka. Nilikuwa nimekupa mgongo, naosha vyombo. Sikugeuka. Nikaacha maji yatiririke ili na wewe usisikie.

Tangu siku hiyo nikawa nakumiminia nusu. Kikombe kikijaa kinamwagika, na siku ile mkwe wetu alipokuja ulikiacha mezani mpaka kikapoa, ukasema huna kiu. Nilikuona ukikitazama. Nikasema moyoni, nusu haimwagiki, atakunywa, nitamwongezea. Nikajiona mjanja. Kumbe wakati mimi nakulinda, wewe unahesabu kwamba nakufukuza.

Na zile fulana? Ulisema nakuvalisha kama kijana wa mpira. Ni kwa sababu hazina vifungo, Fundi.

Nilikuwa nasubiri useme. Kila jioni nilikuwa nakaa pale kwenye kochi na soksi ya kushona ambayo haikuwa imetoboka, nasubiri. Wewe ulikuwa unasubiri nisione. Tumelala kitanda kimoja namna hiyo, kila mtu na kificho chake chini ya mto, na kumbe ni kificho kile kile.

Nimeongea na daktari wetu. Sikutaja jina, lakini alinitazama, nadhani alijua. Anasema hawezi kusema chochote bila kukuona. Kuna aina nyingi. Nyingine zina dawa za kupunguza, nyingine ni za kuzoea. Sikuahidi kitu, maana na mimi sijaahidiwa.

Gari la hifadhi la wiki ijayo lina nafasi mbele, nimeshamuuliza dereva. Nakuja.

Mkeo,
Mkunga

*

Kambini, 19 Agosti

Mke wangu,

Hii ni mimi mwenyewe. Nimeanza baada ya chai, sasa jua linashuka. Usiicheke mistari.

Kuhusu chai, nisamehe. Nimesoma pale nikatoka nje ya hema nikasimama.

Lakini usije. Njia ni mbovu, baridi ni kali, mgongo wako unaujua. Nikikuona sitaweza kukaa hapa, na mimi nataka nikae. Umeamka kwa ajili ya wake za watu miaka yote. Sasa ni zamu yako kulala. Nikiwa mbali utanikumbuka nikiwa mzima, nikiwa juu ya ngazi. Hilo ndilo ninalolitaka. Si kwamba sikupendi.

Mkono umechoka.

Usije.

F.

*

Kambini, 28 Agosti

Mlinzi wetu mpendwa,

Nimekuta umekwenda likizo, wenzako wakanipa anwani ya kwa mama yako. Mpe salamu zangu, mwambie amelea. Wewe ndiye uliyeniita huku, hata kama hukutumia neno hilo, kwa hiyo ni haki yako kujua ilivyokuwa.

Nilishushwa pale penye ubao wa ramani. Mzee alikuwa hapo hapo, amenipa mgongo, ana kopo la rangi na brashi, anairudishia ramani yenu maandishi. Ameegemeza kifundo cha mkono wa kulia juu ya fimbo, na mkono wa kushoto umeushika ule wa kulia. Nilisimama na mfuko wangu. Alikuwa anaandika "Bwawani". Alipomaliza akasema bila kugeuka, "Kama mnatafuta maji, fuateni hizo herufi zilizolewa."

Nikasema, "Natafuta mume wangu."

Brashi ikaanguka. Hakuiokota. Akanitazama miguu kwanza, nilikuwa nimevaa vile viatu vyangu vya kazini, halafu akapanda polepole mpaka usoni.

"Nilikuandikia usije," akasema.

"Barua imechelewa," nikasema. Uongo mtupu. Ilikuwa ndani ya pochi yangu, imeshakunjwa na kukunjuliwa mpaka imeanza kukatika.

Akaficha mikono nyuma, kama mtoto aliyekutwa na sukari. Mlinzi, mimi nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima, gari linarukaruka, nilikuwa napanga maneno ya busara, ya dawa, ya miadi ya daktari. Nilipoona anaificha ile mikono, yote yalinitoka. Nikakasirika. Nikamwambia, "Nimeshikwa mkono na wanawake nisiowajua hata majina. Wamenibana vidole kwa uchungu mpaka nikashindwa kushika kijiko. Sikumnyima hata mmoja. Leo wewe, wa kwangu, ndiye unayeninyima?"

Akasema, "Wale walikuwa wanapita. Mimi sipiti. Mimi nitakuwa hivi, na pengine zaidi ya hivi."

"Basi tutakuwa hivi, na pengine zaidi ya hivi."

"Utachoka."

"Nitachoka. Hata ulipokuwa mzima ulikuwa unanichosha."

Hapo akacheka. Unajua kicheko chake, kinaanzia kwenye mabega. Kilipofika mdomoni kikageuka kikawa kitu kingine, akaweka paji la uso begani kwangu, na mikono ikatoka nyuma yenyewe. Nikaishika yote miwili. Nitakueleza wewe, kwa sababu umefunga zile kamba: ni kama kumshika ndege. Sikujaribu kuituliza. Niliishika tu.

Kesho yake tulikwenda pamoja kwa mkuu wako. Nilitaka niongee mimi, akanizuia mlangoni. Akavua kofia, akasema, "Mkuu, ile kazi ya getini nimeghairi. Mwenye mali amekuja kuchukua mali yake." Mkuu akatutazama wote wawili, akasema sawa, lakini ubao wa ramani umaliziwe, maana sasa nusu ya njia zinasomeka na nusu hazisomeki, na wageni watapotelea katikati. Basi ndiyo tunaumalizia. Mimi nashika kopo. Sijaruhusiwa brashi. Nilijaribu herufi moja, akaniuliza kama nimechora mdudu. Za kwake zinayumba, ndiyo, lakini mtu akiziona anajua zimetoka kwa nani. Mimi nilizijua.

Usidhani kila kitu kimekaa sawa. Juzi alimwaga uji wote juu ya blanketi, akaondoka akaenda kukaa bwawani, hakutaka nimfuate. Nilimwacha. Aliporudi nilikuwa nimelifua blanketi na nimelianika juu ya kamba za hema, hema likainama lote, tukaanza kugombana kuhusu hema. Ilikuwa nafuu kugombana kuhusu hema. Jioni akaniambia anaogopa. Neno hilo hajawahi kulitamka mbele yangu, hata siku binti yetu alipozaliwa akiwa amekaa vibaya. Nikamwambia na mimi naogopa. Tukakaa hapo na woga wetu, tukachoma viazi, tukala.

Tunaondoka na gari la wiki hii. Daktari anatusubiri. Binti yetu nimempigia nilipopanda kile kilima simu inaposhika, nikamwambia kila kitu. Alilia, halafu akasema, "Kwa hiyo hamkugombana?" Nikamwambia tumegombana sana, tena kuhusu hema la mume wake. Nikasikia ameshusha pumzi.

Jambo la mwisho, halafu nikuache upumzike na mama yako.

Asubuhi ya leo niliamka kabla yake. Mwanga ulikuwa unaingia kupitia kitambaa cha hema, kijani kijani, na ndege walikuwa wameshaanza kelele zao. Alikuwa amelala chali. Mikono yake ilikuwa juu ya blanketi, na ilikuwa imetulia. Yote. Hata ule wa kulia, hata kidole. Kazini tunafundishwa kwamba mtetemeko wa namna hii hulala mtu anapolala. Nimelijua hilo kwa miaka. Lakini kulijua kazini ni tofauti na kuliona kwa mtu wako. Ilikuwa ile mikono ya zamani kabisa, ya kijana aliyekuja kuandika "Wodi ya Wazazi" mlangoni kwetu akatumia siku nzima kwa maneno matatu, ili tu nizidi kupita.

Kuni zilikuwa zinanisubiri nje, na nilisikia baridi, na nilitaka chai. Sikutoka. Nilijilaza tena karibu naye, nikapitisha mkono wangu chini ya mkono wake, taratibu, ili atakapoamka na ule mkono ukaanza, unikute nipo.

Mama yako wa pili,
Mkunga